Kukaa Kutwa

Mwenzangu wa ofisini alifariki akiwa amekaa kwenye kiti chake, mchana kweupe, na mimi nikamsimulia habari za mama yangu nisijue kwamba hanisikii. Nilisimulia mpaka mwisho. Nikamwomba na ushauri.

Niseme kwanza jinsi tulivyokuwa tukikaa, maana bila hilo mtu ataniona sina macho.

Ofisi yetu iko Singida mjini, na kazi yetu ni kushughulikia mbegu za alizeti: kijiji gani kimeomba, gari lipi limepeleka, nani analalamika hajapata. Wakulima tunawaona kwa nadra. Tunaona kompyuta. Kwenye chumba chetu tulikuwa wawili. Yeye alikuwa mtu wa Iramba, amekaribia kustaafu, na ofisi nzima tulimwita Mzee. Meza yake ilikuwa dirishani, imetazama yale mawe makubwa yaliyo nyuma ya jengo. Yangu ilikuwa karibu na mlango, kwa hiyo miaka yote niliyofanya naye kazi nilimwona ubavu na kisogo. Uso wake niliujua upande mmoja.

Mzee alikuwa mtu wa kukaa. Nikifika asubuhi nilimkuta keshakaa. Nasema, "Shikamoo Mzee," naye anasema, "Marahaba, za Mandewa?" bila kugeuka. Hakuinuka kwa chai, mama wa chai alimletea mezani. Hakwenda kula mchana, alisema chakula cha mchana kinampa usingizi. Mkono mmoja ulikuwa kwenye kipanya cha kompyuta, mwingine chini ya kidevu, na mgongo umeinama kidogo kama mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali. Kwenye kiti aliweka mto mdogo wa kitenge, nao ulikuwa umebonyea katikati. Ukimuuliza swali saa ya chai anaweza kukujibu wakati wa kufunga ofisi, na jibu lake linakuwa sawasawa, kana kwamba umeuliza sasa hivi. Tulishamzoea. Kimya chake hakikuwa habari.

Na mimi sikuwa nikimzidi kwa lolote. Asubuhi nilipanda bodaboda kutoka kwangu Mandewa, nimekaa. Nikafika nikakaa. Mchana nilienda kwa mama ntilie nikakaa kwenye benchi, nikarudi kukaa. Jioni sofa, taarifa ya habari, chakula palepale kwenye sofa. Siku nzima nilikuwa nabadilisha viti tu.

Siku hiyo upepo ulivuma sana, kama unavyovuma kwetu kabla ya mvua, na vumbi lilikuwa linaingia dirishani. Asubuhi aliniitikia salamu. Chai ililetwa. Nikaenda kula, nikarudi, nikamkuta vilevile, nami nilikuwa na jambo moyoni, basi nikalitoa.

Mama yangu anaishi kijijini Mungaa, peke yake tangu baba alipofariki. Ana mbuzi wachache, ana shamba la mtama na alizeti, na umri umeshakwenda. Ndugu zangu wako mbali, kwa hiyo mzigo wa kuamua ulikuwa wangu. Jirani alikuwa amenipigia simu kuniambia mama aliteleza kisimani. Hakuumia, lakini mimi nilikosa raha.

"Mzee," nikamwambia, "wewe unaonaje? Nimlete mjini, au nimwache kwake?"

Kimya.

"Akija atapumzika. Nyumba ipo, chumba kipo. Ila yule mama hajui kupumzika. Tangu nimepata akili sijamwona amekaa akala. Anakula amesimama, sahani mkononi, jicho liko kwa mbuzi."

Upepo ukapita, mkono wa shati lake ukatikisika. Nikaona anafikiri. Nikaendelea. Nilimweleza jinsi mama alivyotubeba mgongoni kwenda kliniki ya mbali, jinsi alivyonikatalia nisiache shule, mambo ambayo hata mke wangu sikuwahi kumweleza kwa kirefu. Sijui kwa nini siku ile ulimi ulikuwa mwepesi. Labda kwa sababu alikuwa ananisikiliza vizuri kuliko siku zote. Hakukohoa, hakubofya kitu, hakunikatiza.

"Basi nitamleta," nikasema mwishoni. "Ukinyamaza maana yake umekubali." Nikacheka, nikarudi kwenye kompyuta yangu.

Mama wa chai alikuja kukusanya vikombe jioni ikikaribia. Ni mwanamke wa makamo, mcheshi, anatutania wote. "Mzee, leo chai yangu umeisusa?" akasema, akachukua kikombe. Kilikuwa kimejaa, maziwa yameganda juu. Akainama kumtazama usoni, upande ule ambao mimi sikuuona. Akakirudisha kikombe mezani polepole sana, kama anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Baba," akaniambia, "njoo."

"Kuna nini?"

"Njoo huku mbele yake."

Nikaenda. Macho yalikuwa wazi nusu, yanatazama mawe. Kompyuta ilikuwa imezima kioo. Nikagusa mkono uliokuwa kwenye kipanya, ulikuwa wa baridi, na vidole havikuachia.

Tabibu aliyeitwa alimkagua, akatuonyesha mguu wa kushoto uliovimba chini ya suruali. Alisema hawezi kuapa, lakini mtu akikaa sana namna hiyo damu inaweza kuganda mguuni, ikapanda, ikaziba mapafu au moyo. Nikamuuliza ni saa ngapi hasa. Akasema si sasa hivi. Akasema huyu ameondoka kabla ya mchana.

Sikuuliza tena. Mchana mimi nilikuwa kwa mama ntilie nakula wali maharage. Yote niliyoyasema, niliyasema baadaye.

Tulipomtoa, mwili haukukubali kunyooka. Wanaume wanne tulimbeba kwenye ngazi akiwa bado na umbo la kukaa, magoti yamekunjwa, kidevu kimeinama, kama tunabeba mtu pamoja na kiti kisichoonekana.

Tulimzika kwao, Kinampanda. Ofisi ilitoa gari. Mkewe nilimwona kwa mbali katikati ya wanawake, nikashindwa kumsogelea. Ningemwambia nini? Kwamba mimi ndiye niliyekuwa naye?

Baada ya hapo nikaanza kuona watu wanaokaa. Nilikuwa sijawahi kuwaona, maana ni wote. Fundi cherehani kwenye kibaraza cha duka, amemwinamia sindano. Msichana wa kutuma na kutoa pesa ndani ya kibanda chake cha bati, miguu imebanwa na kaunta. Mlinzi wa benki na bunduki yake magotini. Vijana wa bodaboda wamelala juu ya pikipiki zao kivulini. Nilikuwa nasimama barabarani nawatazama kifuani. Nasubiri kifua kipande, kishuke. Kikishuka naondoka. Siku moja yule fundi akaniuliza, "Kaka, kuna nguo unataka kushona?" Nikamwambia hapana, akaendelea kunitazama mpaka nikakata kona.

Nyumbani ikawa hivyohivyo. Mke wangu ni mwalimu, jioni anasahihisha madaftari ya wanafunzi kwenye sofa. Akizama kwenye kazi yake akatulia, mimi namwita, "Upo?"

"Nipo."

Kitambo kidogo, "Upo?"

"Mume wangu, si unaniona? Nimekwenda wapi?" Mwanzoni alicheka. Baadaye akawa anajibu bila kuinua kichwa, kama mtu anayemfukuza nzi, na mimi nikashukuru hata kwa hilo.

Kiti cha Mzee kilibaki dirishani. Mkuu wetu alisema kipelekwe stoo, kila mtu akaitikia ndiyo, hakuna aliyekigusa. Mama wa chai akiingia alianza kwa kutazama kule, ndipo atusalimu. Mimi mchana nilikuwa nahisi kuna mtu ananisikiliza. Siwezi kusema nilimwona. Nilihisi kusikilizwa tu, kule kusikilizwa kwa siku ile, na nikawa siongei na mtu kwenye simu nikiwa mle chumbani.

Na mama nilimleta. Sikuwa na amani na uamuzi ule, lakini nilikuwa nimeshautamka mbele ya Mzee, ikawa kama nimekula kiapo. Nilisubiri avune, nikaenda Mungaa, nikawaacha mbuzi kwa jirani, nikampandisha kwenye gari na kifurushi chake. Hakubisha. Aliniuliza mara moja tu, kwa Kinyaturu, kama nina hakika. Nikasema nina hakika.

Mandewa kila mtu alimwambia jambo moja. Akishika ufagio, mke wangu anasema, "Mama, pumzika." Akienda jikoni, "Mama, kaa, chai inakuja." Majirani wakija kumwamkia, "Shikamoo mama, umekuja kupumzika?" Anaitikia, "Marahaba." Tulimpenda, na upendo wetu wote ulikuwa ni wa kumkalisha. Basi akakaa. Asubuhi tukiondoka tulimwacha kwenye sofa, jioni tulimkuta kwenye sofa, televisheni imewaka, inaongea peke yake. Kwanza alikuwa anauliza habari za mvua. Akaacha kuuliza. Miguu ikaanza kuvimba, kandambili zikambana.

Jioni moja niliwahi kurudi. Pazia lilikuwa wazi, nikamwona kutoka nje, ubavu. Mkono chini ya kidevu. Mgongo umeinama kidogo, kama anayesikiliza kitu kilicho mbali. Nilisimama pale uani.

"Mama!"

Hakujibu.

Sikumbuki nilivyofungua mlango. Nilikuja mbele yake, nikapiga magoti, nikamshika mikono yote miwili. "Mama, upo? Mama!"

Akageuza macho taratibu, akanitazama kama mtu anayerudi kutoka safari asiyoipenda.

"Niende wapi, baba?" akasema. "Si mmenikalisha hapa."

Mikono yake ilikuwa ya moto. Nikaishikilia muda mrefu, naye akaniacha niishikilie.

Wiki hiyohiyo mkuu wetu aliniita, akaniambia kuna vitu vya Mzee vimebaki kwenye droo, na kwamba mimi ndiye ninayefaa kuvipeleka. Vilikuwa vichache: sweta, miwani ya kusomea, na ule mto wa kitenge. Mto nilikwenda kuuchukua kwenye kiti mwenyewe. Niliuinua kwa vidole viwili, nikautia kwenye mfuko haraka.

Nilifika Kiomboi kwa basi, nikapanda bodaboda mpaka Kinampanda. Mjane nilimkuta uani amesimama, anapepeta alizeti kwenye ungo, makapi yanaruka na upepo. Mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe ni wa kule kazini. Nilikuona siku ya mazishi."

Nikampa vitu. Sweta alilinusa. Miwani aliivaa kidogo, akaivua. Mto ulipotoka akaugeuza huku na huku, akatia ngumi kwenye lile shimo la katikati.

"Huu nilimshonea wa kuwekea kichwa kwenye basi," akasema. "Umefanywaje?"

"Alikuwa anaukalia, mama."

"Anaukalia wakati gani?"

"Kutwa."

Akanitazama kama niliyemletea vitu vya mtu mwingine. "Mume wangu hakuwa mtu wa kukaa," akasema. "Akija hapa Jumamosi kutoka mjini hakai. Anazunguka shamba, anatengeneza ua, anakwenda kuwaona wagonjwa. Chakula namfuata nacho hukohuko. Nikimwambia baba kaa, anasema kukaa nimemalizia kule. Nikadhani ni msemo tu. Sikujua ni kweli. Watu wa hapa walisema amekutwa amekaa. Nimejaribu kumwona amekaa, simwoni. Nikifumba macho namwona anatembea. Sasa mtu anayetembea nitamlilia vipi?"

Niliukunja ule mfuko mtupu.

Akaingia ndani, akatoka na kiti cha mbao, akakiweka katikati ya ua. "Nionyeshe," akasema.

"Nikuonyeshe nini, mama?"

"Alivyokuwa anakaa. Wewe ulikuwa naye. Nionyeshe, nimwone."

Nilitaka kukataa. Lakini utamkatalia nini mama mwenye uso ule? Akaweka mto juu ya kiti, nikakaa. Mwili wangu uliingia kwenye lile shimo bila kusumbuka, na hilo ndilo lililonitisha, kwamba halikuwa dogo wala kubwa. Nikanyoosha mkono wa kulia mbele, nikaweka wa kushoto chini ya kidevu, nikainamisha mgongo. Nilitazama mbele, palikuwa na mawe mengine, ya kwao.

"Alikuwa anasema nini?"

"Hakuwa akisema sana."

"Basi na wewe nyamaza."

Nikanyamaza. Akasogea mbele yangu akanitazama, akazunguka ubavuni, akasimama pale ambapo mimi nilikuwa nakaa ofisini. Nilisikia makapi ya alizeti yakikwaruza ardhini. Nilisikia pumzi yangu, halafu sikuisikia. Ganzi ilianza kwenye vidole vya mguu wa kushoto ikapanda, wala haikuuma, ilikuwa tamu kama usingizi wa mchana. Nikajua, kwa namna nisiyoweza kueleza, jinsi ilivyokuwa kwake. Hakuitwa na mtu. Hakushtuka. Alizidi kukaa tu. Na kama kuna mtu nyuma yake alikuwa anaongea habari za mama yake, sauti ile ilikuwa inamfikia kwa mbali, kama ng'ombe wanaorudishwa jioni upande wa pili wa kilima.

"Nimemwona," mjane akasema. Sauti yake ilikuwa imevunjika. Halafu ghafla, "Inuka. Inuka upesi, mwanangu, inuka!"

Akanishika mkono, akanivuta kwa nguvu nisizozitegemea. Mguu ulikataa kunibeba, nikamwegemea, tukasimama hivyo katikati ya ua, yeye analia kwa sauti, mimi nimeshikilia bega lake mpaka damu iliporudi na maumivu yake. Alilia kama mtu aliyezuiwa kulia tangu siku ya mazishi. Alipomaliza alijifuta kwa khanga, akachukua ungo wake. Hakutaka nikae kula. Alinipa viazi vitamu vya kuchemsha mkononi, tukala tumesimama, akanisindikiza mpaka barabarani kwa miguu.

Nilipofika nyumbani sikuvua hata viatu. "Mama," nikasema, "Jumamosi nakurudisha Mungaa."

Alikuwa ameinuka kabla sijamaliza kusema. Ilimchukua muda, alishika mkono wa sofa, akashika ukuta, lakini aliinuka mwenyewe.

Mke wangu alinifuata chumbani. "Miguu ile unaipeleka wapi?" akaniuliza. "Akianguka kule peke yake, nani atajua?"

"Hakuna atakayejua," nikasema.

"Na bado unampeleka?"

"Hapa je? Nani angejua?"

Alinitazama kwa muda, akaelewa au akachoka, sijui. Ndiye aliyemfungashia sukari na majani ya chai.

Sasa mama yuko kwake. Jirani anasema uvimbe ulipungua, na kwamba palizi imemkuta shambani na jembe lake, anakwenda polepole kuliko zamani, anapumzika akiwa ameegemea mpini. Mimi bado niko ofisini. Nimehamisha meza yangu, na saa ya chai natoka kuinywa nje na mama wa chai, tumesimama kwenye jua. Ameniambia hajawahi kuniona mrefu hivi. Lakini kazi ni kazi, chai ikiisha narudi ndani.

Simu nilimnunulia mama, ile ndogo ya vitufe. Anaiacha nyumbani juu ya kabati, anasema shambani itaingia udongo. Kila mchana nampigia. Inaita. Inaita mpaka inakatika yenyewe. Najiambia yuko shambani, kasimama, upepo umeziba masikio yake. Najiambia hivyo kila siku, na jioni mara nyingi hunipigia mwenyewe, akiwa na hasira kidogo. "Baba, mbona unanisumbua wakati wa kazi?"

Leo nimepiga mara mbili. Bado mchana haujageuka sana. Nimeiweka simu mezani, nami nimekaa mbele yake, nasubiri.